Mama Florentine Anauliza Sokoni

Bukavu, 11 Februari 2024

Shangazi yangu Latifa,

Assalam aleikum wewe na nyumba nzima: Baba Ayubu, Jamila, na yule mfalme mdogo Shukuru. Mimi ni mzima. Mvua ya Bukavu haitaki kupumzika, na kilima cha kupanda mpaka chuoni kimenipa miguu ya mwanajeshi. Ndagala za ziwani ulizotuma kwa dereva wa Uvira zimefika kavu, hata moja haikuvunjika. Wenzangu wa chumbani walisikia harufu kabla sijafungua mfuko, na tangu siku hiyo wanakuita Mama Baraka. Wote wanakushukuru, hasa Dorothée, aliyekula kana kwamba ni yeye aliyetumiwa.

Kwenye simu uliniuliza ninasoma nini hasa, laini ikakatika. Au ni wewe uliyeikata, maana nakujua, hupendi kuongea na kitu kisicho na macho. Basi nikueleze kwa kalamu. Mwaka huu tunasoma maadili, yaani namna watu wanavyoamua kwamba hili ni jema na lile ni baya. Usicheke. Kuna wenye hekima wanaosema: tazama matokeo. Tendo likileta heri kwa wengi na maumivu kwa wachache, ni jema. Wengine wanasema hapana, matokeo huyajui, unachojua ni wajibu wako: kusema kweli, kutimiza ahadi, kutomtumia mtu kama chombo. Halafu kuna wanaosema usianze na tendo, anza na wewe mwenyewe: nikifanya hivi, nitakuwa mtu wa namna gani? Darasani tunagombana kuhusu hayo mpaka sauti zinakauka.

Mwalimu wetu, Profesa Alphonse, anataka kila mmoja atafute jambo la kweli kutoka kwao, si la vitabuni, alipime kwa njia hizo. Kama una jambo la sokoni, nitumie.

Neno la mwisho. Tangu Baba alipofariki, hujawahi kunifanya nione tofauti kati yangu na Jamila. Kila daftari ninalofungua ni samaki wako waliolinunua. Nimeona niliandike sasa, nisisubiri siku ya harusi watu wakiwa wamekaa wananisikiliza.

Mtoto wako asiyeshiba ndagala,
Samira


Baraka, 3 Machi 2024

Kwa mwanafalsafa wangu Samira,

Aleikum salam. Barua yako ilifika na dereva, ikiwa imekaliwa na mtu mzito, lakini nimeisoma yote. Nimekuelewa, tena nimecheka kidogo kwa sababu ulinikataza. Mzee wangu Ayubu yuko kwenye motopompe yake ya kuvuta maji, imefunguliwa katikati ya uwanja kama mbuzi wa sikukuu, na ukipita karibu anakuambia usikanyage. Jamila amepoteza jino la mbele na anadai ni sisi tulioliiba. Shukuru anaenda shule ya watoto wadogo, anajua kuhesabu mpaka ishirini bila kumi na saba. Ziwa linapanda. Nyumba za chini kabisa zimeanza kuingiwa na maji, sisi bado. Mwezi wa Ramadhani unakaribia, utuombee na sisi tutakuombea.

Umeomba jambo. Kuna mama mmoja ninayemfahamu hapa Baraka. Mama huyo analea mtoto ambaye hakumzaa, na siku moja sokoni mama huyo

Hapana. Siwezi kuandika ujinga huu. Mama huyo ni mimi, mtoto ni Shukuru, na wewe ungejua kabla ya kufika mwisho wa mstari.

Wakati ule ulikuwa sekondari Uvira, kwa hiyo yote hukuyaona. Gentille alikuja na watu waliokuwa wanakimbia kutoka milimani, tumbo limeshuka karibu kujifungua, miguu imevimba. Tulimpa chumba cha nyuma. Akajifungua salama, kisha homa ikamchukua yeye, mtoto hajatimiza siku arobaini. Alikuwa ametuambia mume wake yuko kwenye machimbo ya dhahabu na mama mkwe wake ni wa Lubondja. Ayubu akatuma neno na watu wa pikipiki. Wakarudi wakasema Lubondja hamna mtu, nyumba ziko wazi. Mimi nilikuwa namnyonyesha Jamila. Nikamweka mtoto upande wa pili.

Ulipokuja likizo ulikuta tayari anaitwa Shukuru. Unajua kwetu mtoto ukishamnyonyesha amekuwa wako kwa maziwa, na lazima utangaze, ili kesho asije akamwoa aliyenyonya naye. Niliita majirani, nikamwita na shekhe, nikasema mbele yao kwamba Jamila na Shukuru ni ndugu. Tukala wali. Tangu siku hiyo hakuna mtu aliyeuliza tena mtoto huyu ni wa nani, na mimi mwenyewe niliacha kujiuliza.

Sasa, siku za soko kubwa huwa anashuka mama mmoja kutoka Lubondja, ambako watu wamesharudi, anauza mihogo mikavu na sombe, majani yake. Anaitwa Mama Florentine. Ni mtu wa utani, kila nikinunua ananiongezea, ananiambia nimekonda kwa sababu nakula samaki tu. Soko lililopita alikuwa anapita meza kwa meza: "Bamama, nani aliona muke ya mutoto yangu? Jina yake Gentille. Tulikimbia vita, yeye na mimba, tukapotezana mu njia." Akafika kwangu. Nilikuwa na samaki mkononi.

Nikamwambia, "Simujue, mama."

Samira, neno lilitoka lenyewe. Sikulifikiria. Akasema aksanti, akaendelea na meza ya pili.

Hata Ayubu sijamwambia. Nikisema, watakuja kumchukua, na wana haki. Nikinyamaza, mama yule atarudi kila soko, ananiongezea mihogo. Wewe unayesoma mema na mabaya, niambie nifanye nini.

Aliyekufunga kanga yako ya kwanza,
Latifa


Bukavu, 6 Aprili 2024

Shangazi yangu mpenzi,

Assalam aleikum. Nisamehe kwa kuchelewa, barabara ya Uvira ilikatika na dereva wetu alikaa huko mpaka akapata marafiki. Tumebaki na siku chache za mfungo. Nafunga vizuri, ila kilima kile hakijui kama kuna Ramadhani. Mwambie Baba Ayubu pole na motopompe. Mwambie Jamila jino lake liko kwangu, nalisomesha.

Nimesoma barua yako, nikaiweka, nikaisoma tena. Halafu nilifanya kama tunavyofundishwa. Nilianza na matokeo. Mtoto ana nyumba, ana shule, ana daktari karibu, ana wewe, ana Jamila. Kule juu usalama bado ni wa leo upo, kesho haupo. Baba yake hajulikani aliko. Ukisema sasa, unamtoa mtoto mahali pazuri na kumweka mahali ambapo hatumjui mtu. Ukinyamaza, anayeumia ni mama mmoja, naye tayari ameshazoea kutokujua. Wanaofuata wajibu watasema uongo ni uongo. Lakini nami nauliza: wajibu kwa nani kwanza? Kwa mtoto. Na ukiuliza wewe ni mtu wa namna gani, jibu analo kila anayekufahamu. Uliyemnyonyesha mtoto wa mgeni huwezi kuwa mtu mbaya.

Kwa hiyo naona usubiri. Shukuru aanze shule ya msingi, hali ya milimani itulie, halafu tutaangalia. Kusubiri si kukataa.

Nakutakia Idi njema. Ule biryani kwa ajili yangu, na usimpe Baba Ayubu kipande changu.

Mtoto wako,
Samira


Baraka, 28 Aprili 2024

Samira,

Salamu nyingi. Idi ilikuwa nzuri. Shukuru alivaa kanzu mpya, akajimwagia soda kabla ya kufika msikitini. Maji yameingia kwa majirani wa chini, watatu tumewapokea hapa, wanalala chumba cha nyuma. Motopompe imepona. Nakutumia ndagala na samaki wa kukausha, mikebuka miwili, mpe Dorothée sehemu yake usije ukaibiwa.

Barua yako nimeisoma. Imeandikwa vizuri.

Afya njema na kazi njema huko,
Latifa


Bukavu, 19 Mei 2024

Shangazi,

Aleikum salam, na ahsante kwa samaki. Mikebuka tuliila siku moja, hatuna adabu. Poleni na maji. Nawasalimu majirani mliowapokea, ingawa sijui ni akina nani. Nakutambua hapo: mtu akilia mlangoni, swali lako la kwanza ni kama amekula.

"Imeandikwa vizuri." Shangazi, mimi ni mtoto wako. Najua unavyosema ukipewa kitambaa ambacho hutakivaa.

Nikuambie kilichotokea hapa. Darasani nilieleza jambo lako bila majina na bila mji, nikalipima vile nilivyokupimia. Wenzangu wakaitikia kwa vichwa, Profesa akaandika kitu. Kuna kijana wa Mboko, Roger, huwa anakaa nyuma na kusinzia. Akanyoosha mkono akauliza: "Na ule koko ya mutoto, yeye anasema nini?" Nikamjibu kwamba nyanya huyo hajui. Akasema: "Njo maana nauliza. Umemuhesabia maumivu yake, lakini yeye haukumuuliza." Nilikaa chini, nikafunga daftari.

Nilipoandika kwamba mama yule amezoea kutokujua, nilijuaje? Sijawahi kumwona. Nilimfanya mwepesi ili mzani ulalie upande wako. Na nilifanya hivyo kwa sababu ni wewe. Umenilea, umenisomesha, na nikafikiri shukrani ni kukupa ulichotaka. Nimekuandikia kama mtu anayelipa. Wewe hukuniomba malipo, uliniomba msaada.

Basi nakupa kitu kimoja tu kati ya vyote tunavyosoma, kwa sababu kimenishika. Wale wa wajibu wanasema: kama sababu yako ni ya haki, unaweza kuisema mbele ya mtu yule yule inayemhusu. Kama inasimama tu akiwa hayupo, ina kasoro. Jaribu, Shangazi. Kaa peke yako, umweke Mama Florentine mbele yako kwa mawazo, umwambie kwa nini hukumjibu. Ukiweza kumaliza sentensi, nyamaza na Mungu akubariki. Ukishindwa, utakuwa umejua.

Mimi nimejaribu kwa niaba yako nikashindwa. Lakini si mimi ninayempakata Shukuru akiwa na malaria. Ukiamua lolote, niko nyuma yako, na sisemi hivyo kwa adabu tu.

Samira wako


Baraka, 9 Juni 2024

Mwanangu Samira,

Salamu kwako na kwa Dorothée. Msalimie na huyo kijana wa Mboko anayesinzia. Ningemjua mama yake ningempelekea samaki. Hapa sote ni wazima wa mwili. Maji yameanza kurudi nyuma na yameacha harufu. Majirani wamerudi kwao kupaka kuta upya.

Barua yako ilinikuta nina hasira nawe, nikuambie ukweli. Ile ya kuniambia nisubiri niliisoma nikapumua, nikasema mtoto amesoma, ameniruhusu. Halafu soko lililofuata nikakuta ruhusa yako hainisaidii kumwangalia mama yule. Nilianza kutuma mtu mwingine anunulie mihogo. Ndiyo maana nilikuandikia maneno machache. Nilikuwa naogopa nikiandika mengi utanihurumia tena.

Lile jaribio lako nililifanya nikipanga samaki juani. Nikamwambia, mama, nilikuficha kwa sababu hapa kuna shule nzuri. Nikajisikia aibu. Nikamwambia, nilikuficha kwa sababu kwenu kuna vita. Lakini vita vile vile ndivyo vilivyomnyang'anya mjukuu, sasa mimi navitumia kumnyima. Nikamwambia, nilikuficha kwa sababu nampenda. Hapo nilifika mbali kidogo, lakini naye angeweza kunijibu neno hilo hilo.

Bado nilikuwa napiga piga chenga. Kilichonimaliza ni soko la wiki mbili zilizopita. Mama Florentine alikuja na msichana, mtoto wa kwanza wa Gentille, anaitwa Ketsia. Jina lake nililijua kabla hajalitaja, maana Gentille aliliita kwenye homa mpaka alipokata sauti. Siku ile ya vita mtoto alikimbia na nyanya yake, mama akaenda njia nyingine. Ana masikio ya Shukuru, Samira, yale yale yaliyosimama. Jamila alimchukua mara moja wakaruke kamba. Shukuru akaja kutoka shule, kamasi zinatiririka, na yule msichana akamshika kichwa akampangusa kwa kitenge chake bila kuulizwa, kama dada yeyote. Nikawaza: hawa watakua. Mwendo wa pikipiki tu kutoka hapa kwenda kwao. Kesho kutwa kijana wangu atamwona msichana mzuri barabarani, na mimi niliyeita shekhe na majirani nitangaze maziwa, nitakuwa nimekaa kimya juu ya damu.

Nikamwambia Mama Florentine aje nyumbani tunywe chai. Watoto wakabaki nje. Kabla hajakaa nikamweleza Ayubu mlangoni kwa maneno mawili. Alinitazama tu, akaenda kuleta kiti. Nikaanza na Shukuru, kwamba ni mjukuu wake. Sikulia, nilikuwa nimejikataza.

Halafu akauliza, "Gentille iko wapi?"

"Alikufa, mama. Tulimuzika hapa."

Akasema, "Kule kwetu banasema alipanda gari na mwanaume. Bertin, mutoto yangu, naye akaamini vile, akaoa mungine kule ku machimbo. Batoto benzake na Ketsia banamuimbia nyimbo: mama yako alikukimbia, mama yako alikukimbia. Njo nikaanza kumutafuta. Na mi, mi mwenyewe, nilimulaani." Akasimama. "Na we ulikuwa unanunua mihogo yangu, unacheka na mi."

Nilimwambia naomba msamaha. Alitoka uwanjani, akamwekea Shukuru mkono kichwani kwa muda, akamchukua Ketsia wakaenda. Hakumwambia msichana neno lolote, nilimwona tu anatembea haraka na mtoto anakimbia kumfuata.

Soko lililofuata hakuja. Na jana pia hakuja. Mahali pake amekaa muuza chumvi.

Sijui wakija watakuja na nani, au na polisi. Shukuru nimemwambia ana koko mwingine, akauliza kama ana mbuzi. Ninalala kidogo. Lakini nakushukuru, hilo nataka ulisikie. Nilikusomesha nikidhani utakuja kuwa mtu wa ofisi. Sikujua utakuja kunisaidia hivi.

Latifa, anayeogopa


Bukavu, 30 Juni 2024

Shangazi yangu,

Assalam aleikum. Barua yako niliisomea mlangoni kwa dereva, sikuweza kungoja. Mitihani inaendelea mpaka Agosti, ndiyo maana siwezi kuja, na hilo linaniuma. Roger ameona aibu aliposikia salamu zako, sasa anakaa mbele.

Nataka kukuambia nilikosea wapi. Nilipopima yale matokeo yangu, nilihesabu shule, nikahesabu daktari, nikahesabu vita. Sikumhesabu msichana anayeimbiwa wimbo. Nisingeweza kumhesabu, kwa sababu hakuna aliyemjua mpaka wewe ulipofungua mdomo. Kile ulichokisema kwenye chai ile ndicho kimemtoa Gentille kwenye gari la yule mwanaume asiyekuwepo. Hata wasipokusamehe, kazi hiyo imefanyika.

Kuhusu Shukuru, sina la kusema la kukutuliza, na sitalitunga tena. Naomba tu Mungu ampe mama yule moyo aliokupa wewe siku ile ya chumba cha nyuma.

Kazi ya Profesa nimeandika juu ya jambo lingine kabisa, la daraja la kwetu hapa mtaani. Lako nimelirudisha kwako. Halikuwa langu kulipeleka darasani, na kwa hilo nisamehe.

Ahsante kwa kuniambia unaogopa. Tangu utoto wangu nilidhani huogopi kitu.

Samira


Baraka, 4 Agosti 2024

Samira mwanangu, mwalimu wangu mdogo,

Nakusalimu kwa salamu ya nyumba iliyojaa heri. Ayubu yuko ziwani, Jamila ameota jino, mimi nimenenepa kwa mihogo. Kaa vizuri, hii ni ndefu, na usinisomee mlangoni kwa dereva.

Walikuja. Nilisikia kwanza nyimbo barabarani, nikajua ni watu wa kanisa, nikaendelea kutwanga pilipili. Kisha nyimbo zikakata kona kwetu. Gari la mizigo, limejaa akina mama wa Lubondja, na wazee wawili wa ukoo, na watoto wamening'inia pembeni. Mama Florentine mbele. Ayubu akaniambia, "Vaa vizuri, mama." Mimi niliona mwisho wangu umefika. Nilimshika Shukuru mkono kwa nguvu mpaka akalalamika.

Wakashusha jogoo, na magunia ya mihogo, na mafuta ya mawese kwenye bidoni. Mama Florentine akaja na kikwembe kipya, bado kina karatasi ya dukani. Akakifungua, akanizungushia kiunoni juu ya nguo yangu, akakikaza. Akina mama wakapiga vigelegele. Kwao, mtu aliyenyonyesha mtoto wa ukoo huvishwa hivyo mbele ya watu, kwa sababu tumbo lake lilikaa na njaa kwa ajili yao. Sikujua. Nilisimama kama mti.

Akasema, na sauti yake ilikuwa inakatika: "Nilikukasirikia, Mama Jamila. Hata leo kasirani iko, kidogo. Ulinificha. Lakini nilirudi kwetu nikaanza kuwaza: huyu mutoto alikula nini ile siku mama yake alikufa? Nikakosa kulala. Njo nikasema, lazima niende nishukuru, kasirani itatoka pole pole." Kisha akawageukia watu wake: "Huyu njo mama yake. Mi niko koko yake. Nani iko na neno?"

Hakuna aliyekuwa na neno. Nililia mpaka kikwembe kikalowa, na safari hii sikujikataza.

Ayubu akamwita shekhe, wao walikuwa na mchungaji wao. Majirani wale wale wa zamani wakakaa uwanjani. Nikasimama nikatangaza upande wa pili: Shukuru ni mtoto wa Gentille na Bertin, dada yake ni Ketsia, na kila mtu akumbuke. Tukakubaliana ataendelea na shule hapa, likizo zote atakuwa Lubondja. Kuhusu kusali, shekhe na mchungaji walianza kukoromeana kidogo, Ayubu akasema akikua atajisemea mwenyewe, sasa tule. Tukala. Likizo hii tayari yuko kwao. Nyumba imekuwa kubwa sana, naikataa. Mama Florentine amepiga simu kuuliza anafanyaje mtoto asipotaka kulala, nikamwambia amkune mgongo upande wa kushoto. Ndiyo, mimi, nimeongea na simu mpaka salio likaisha.

Lakini nilikuwa nataka kukuambia la kaburi.

Baada ya chakula Mama Florentine aliomba aone alipolala mkwe wake. Tukaenda sote, na watoto waliokuja na gari wakatufuata. Msalaba ule Ayubu aliutengeneza na mbao za mtumbwi wake wa zamani, rangi ya buluu bado inaonekana. Nilikuwa nimepalilia asubuhi kabla sijaanza kutwanga, sijui kwa nini, mikono ilitaka kazi. Mama Florentine alipiga magoti akazungumza naye kwa Kibembe, polepole. Nilisogea mbali, hayo hayakuwa yangu.

Ketsia alisimama kando, amekunja mikono. Kumbe nyanya yake alikuwa bado hajamweleza vizuri, alimwambia tu wanakwenda kushukuru watu. Akaniuliza, "Huyu ni nani?"

Nikamtazama Mama Florentine. Akatikisa kichwa kwamba nimwambie.

"Ni mama yako."

Akautazama msalaba, akanitazama mimi. "Alikufa lini?"

"Wakati Shukuru iko mutoto mudogo kabisa. Ile mwaka ya vita."

Akafikiri. Uliona mtoto anayehesabu kitu kigumu? Kisha akasema, "Kumbe hakunikimbia."

"Hakukukimbia, mama. Alikuwa anakuita kila siku. Alikuwa anauliza, Ketsia anakula na nani?"

Nilidhani atalia, nikanyoosha mikono nimpokee. Hakulia. Aligeuka kwa wale watoto wa kwao, wale wale wa wimbo, waliokuwa wamesimama mstari njiani, akawapigia kelele uso wote unang'aa: "Munasikia? Mama yangu alikufa! Hakunikimbia, alikufa!"

Shangazi yako,
Latifa